Rili ya Duara na Rili Bapa: Ipi Itufaayo Baharini?



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya jambo ambalo kwa miezi kadhaa limezigawa majlisi zetu mafungu mawili. Jamaa wa Jeddah wanasema kuwa mtu anayeingia baharini na rili bapa anakwenda kucheza, hakwenda kuvua. Jamaa wa Riyadh wanajibu kuwa rili ya duara ni jiwe la kusagia lililotiwa mshipi. Wa Jeddah nao hurudisha kuwa hawapokei fatwa ya bahari kutoka kwa wavuvi wa nchi kavu. Utani huu tungeuacha ujipitie, lau si kuwa tumekubaliana kutoa mchango na kununua rili sita pamoja na fito zake, ziwe mali ya ukoo mzima, ili watoto wetu waliozaliwa huku wajifunze kazi ambayo babu zao waliijua kabla ya kujua kusoma. Fedha za mchango ni amana. Kwa hivyo inafaa tujue tunanunua nini, na kwa ajili ya nani.

Kwanza nieleze majina, kwa faida ya wale ambao hawajapata kushika chombo hiki. Rili ninazozizungumzia hapa ni zile zinazokaa juu ya ufito, na spuli yake, yaani kile kigurudumu kinachozungushiwa mshipi, huzunguka yenyewe pale unapotupa. Mshipi unatoka moja kwa moja kuelekea mbele, na dole gumba lako linakaa juu ya spuli kuuzuia au kuuachia. Ziko rili nyingine ambazo spuli yake haizunguki wakati wa kutupa na ambazo huning'inia chini ya ufito. Hizo ni rahisi kwa anayeanza, lakini hazimo katika mjadala wetu.

Rili ya duara, kama jina lake, ina mbavu mbili za mviringo, moja kila upande, na spuli iko katikati kama mhimili wa gari. Rili bapa imelaliwa chini. Mwili wake umeinama mbele kama kobe, na imekaa karibu sana na ufito. Zote mbili zina breki mbili, na wengi huzichanganya. Breki ya kwanza ni ya kutupia: huizuia spuli isizunguke kwa kasi kuliko mshipi unavyotoka. Breki ya pili ni ya samaki: huachia mshipi kidogo kidogo samaki anapovuta, ili usikatike. Hii ya pili hukazwa kwa kile kigurudumu chenye umbo la nyota kilichoko nyuma ya mkono wa kuzungushia.

Ni vizuri pia kujua asili ya vitu hivi, maana asili ya chombo hueleza tabia yake. Mwanzoni mwa karne ya 19, George Snyder, fundi wa saa na wa fedha wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, Marekani, alitengeneza rili yenye gia, ambayo mkono ukizunguka mara moja spuli huzunguka mara kadhaa. Hata ile ABU ya Uswidi ambayo wazee wetu wengi waliijua ilianza mwaka 1921 katika mji wa Svängsta kama kiwanda cha saa, na jina lake limetokana na kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 kiwanda hicho kilitoa rili ya duara iitwayo Ambassadeur, na umbo lake halijabadilika sana mpaka leo. Mwaka huo huo wa 1921, katika mji wa Sakai nchini Japani, Shimano ilianza kwa kutengeneza vyuma vya baiskeli, na mwaka 1970 ikaingia katika vyombo vya uvuvi. Katika miaka hiyo ya 1970, Mmarekani Lew Childre alishirikiana na Wajapani hao kutoa rili iliyo chini na nyepesi, kwa ajili ya wavuvi wa maziwa ya Marekani wanaotupa na kuvuta mamia ya mara kwa siku.

Hapo ndipo jamaa wa Jeddah wanaposhikilia hoja yao: rili bapa ilizaliwa katika maji matamu. Ni kweli. Lakini mtoto hazuiwi kusafiri kwa sababu ya mahali alipozaliwa, na sisi wenyewe tulioko huku ni ushahidi wa hayo.

Tuanze na sifa za rili ya duara. Ya kwanza ni nafasi. Rili ya duara ya kadiri, kwa mfano ile ya namba 6500 ya Ambassadeur, hubeba meta 200 na zaidi kidogo za nailoni ya ratili 14. Rili bapa ya kadiri ya kawaida hubeba meta 100 hivi za nailoni hiyo hiyo. Tofauti hii mtu haioni akiwa dukani. Huiona siku aliponasa nguru. Bin ami yangu mmoja alikuwa nje ya Sharm Obhur, kaskazini ya Jeddah, na rili bapa ndogo mkononi. Nguru, ambaye wenyeji wa huko humwita derak, alichukua chambo akaondoka kwa mkondo mmoja bila ya kugeuka. Bin ami aliiona rangi ya spuli yake ikitokeza chini ya mshipi, kisha akaliona lile fundo la mwisho, kisha akasikia mlio mmoja. Samaki, chambo, na mshipi wote vikaenda zao.

Sifa ya pili ni ugumu. Rili nyingi za duara zina mwili wa alumini au shaba, na mbavu zake mbili zimeshikana kwa nguzo. Ukimvuta samaki mzito, mwili haujipindi, na gia hubaki zimekutana meno kwa meno. Rili bapa za bei ndogo zina mwili wa plastiki iliyochanganywa na kaboni. Zikipata mzigo mkubwa hujipinda kidogo. Kujipinda huko hakuonekani kwa macho, lakini meno ya gia hukwaruzana, na baada ya msimu mmoja mkono unaanza kunguruma.

Sifa ya tatu ndiyo itakayowafurahisha wazee: rili ya duara hurithiwa. Skrubu zake ziko nje, mtu huifungua kwa bisibisi moja juu ya meza ya kulia chakula, na vipuri vya miundo ile ya zamani vingali vinapatikana. Rili aliyoiacha marehemu babu bado inavua. Rili bapa hubadilishwa muundo kila baada ya miaka michache, na ukivunjika mkono au kipande cha ndani cha muundo uliokwisha kuondolewa, aghlabu unanunua rili nyingine.

Sasa upande wa pili, na hapa jamaa wa Riyadh wana haki yao. Rili bapa ya kadiri ina uzito wa gramu 200 hivi, na ile ya duara niliyoitaja ina gramu 340 hivi. Gramu 140 si kitu ukibeba mara moja. Zibebe kwa masaa manne ukitupa na kuvuta, kisha uulize kifundo cha mkono wako. Zaidi ya hayo, rili bapa huingia ndani ya kiganja. Mvuvi huikumbatia rili na ufito pamoja, wala ufito haupinduki upande. Rili ya duara iko juu, na samaki akivuta, hutaka kulalia ubavu. Lazima vidole viwe na nguvu ya kuizuia.

Halafu kuna kasi. Rili bapa nyingi za leo zina gia ya 7 kwa 1, yaani mkono ukizunguka mara moja, spuli huzunguka mara 7, na huingiza kiasi cha sentimita 75 za mshipi. Ile ya duara ina gia ya 5 kwa 1 na kidogo, na ijapokuwa spuli yake ni nene zaidi, huingiza kiasi cha sentimita 65. Kwa chambo cha bandia kinachotakiwa kukimbia juu ya maji ili kolekole akifukuze, kasi ni jambo kubwa. Lakini kasi hununuliwa kwa nguvu, kama vile baiskeli yenye gia: gia ya mbio haipandi mlima. Ukimnasa chewa mzito anayetaka kuingia katika pango lake, ile 5 kwa 1 ndiyo itakayomtoa.

Rili bapa pia hutupa chambo chepesi vizuri zaidi, kwa sababu spuli yake ni nyepesi na huanza kuzunguka kwa nguvu ndogo. Nyingi zina breki ya kutupia ya sumaku, na watoto huuliza inafanyaje kazi, maana spuli ni ya alumini, na alumini haivutwi na sumaku. Jawabu ni kuwa alumini inapozunguka karibu na sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani yake, na umeme huo huipinga ile mizunguko. Hakuna kitu kinachogusana na kitu. Rili nyingi za duara hutumia vidude vidogo vya plastiki vinavyorushwa nje na mzunguko vikasugua ukingo. Njia zote mbili ni nzuri, ila ya sumaku hurekebishwa kwa kidole bila ya kufungua chochote.

Ndugu zangu, mjadala wetu umekuwa mrefu kwa sababu tunazungumzia bahari mbili kama kwamba ni moja. Jamaa wa Jeddah wanavua Bahari ya Sham. Pale mwamba uko karibu na pwani, na ukishapita ukingo wake, kina hushuka ghafla. Samaki anayesakwa ni najil, yule chewa mwekundu mwenye madoa ambaye harusi ya Jeddah haitimii bila yake, pamoja na shaour, ambaye ni changu wetu, na bayadh, ambaye ni kolekole. Najil hakimbii mbali. Akishika, hugeuka mara moja kuingia mwambani, na vita vyote huisha katika nukta chache za mwanzo. Hapo panahitaji chombo kigumu, gia ya nguvu, na mshipi wa kutosha kufika chini na kubaki.

Jamaa wa Riyadh wako mbali na bahari zote. Jeddah iko kiasi cha kilomita 950, na Dammam kiasi cha 400. Kwa hivyo wanapopata Ijumaa na Jumamosi zao hukimbilia mashariki, kwenye fukwe za Nisf al-Qamar karibu na Khobar. Ghuba ni bahari ya kina kifupi: wastani wake ni kama meta 35 tu, na karibu na ufuko mtu hutembea mbali maji yakiwa magotini. Chini ni mchanga na majani. Samaki ni changu, ambao huko huitwa shaari, tasi waitwao safi, na pengine nguru wadogo. Mtu husimama majini akatupa chambo chepesi mbali, mara kwa mara, tangu alfajiri mpaka jua liwe kali. Kwa uvuvi wa namna hiyo rili bapa ni rafiki, na rili ya duara ni mzigo. Kila mmoja alikuwa akisema kweli ya bahari yake.

Maadui nao ni wawili. Maji ya bahari kuu yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila kilo, lakini Bahari ya Sham na Ghuba, kwa jua kali na ukosefu wa mito, hufika 40 na kupita. Tena hewa ya Jeddah yenyewe ina unyevu wa chumvi, na rili iliyotundikwa barazani huliwa hata kama haikwenda popote. Alumini huota unga mweupe, na beringi huanza kulia. Riyadh hakuna unyevu, lakini kuna vumbi. Vumbi likiingia katika grisi huwa kama msasa, na kila unapozungusha unajisagia gia mwenyewe. Isitoshe, rili ikiachwa ndani ya buti ya gari mwezi wa Julai, grisi huyeyuka na kuhama mahali pake.

Matengenezo si mazito. Ukirudi, ikaze breki ya samaki kidogo ili maji yasipenye, inyunyizie rili maji matamu taratibu, wala usiitose katika ndoo na usiipige kwa mpira wenye nguvu, maana hapo unaisukuma chumvi ndani. Ipanguse, iache ikauke kivulini, kisha ilegeze breki kabisa. Breki iliyohifadhiwa imekazwa hugandana, na siku ya samaki huachia kwa kushtuka na kukata mshipi. Tone moja la oili katika kila beringi latosha. Kile kipanga mshipi kinachokwenda kushoto na kulia kisugue kwa mswaki wa zamani, kwani mchanga hupenda kujificha katika mfereji wake. Watu wa Riyadh waihifadhi rili katika mfuko wa kitambaa, ndani ya nyumba.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lililoukata mjadala. Wengi mnajua kuwa ami yetu mkubwa, aliyetufundisha sote kufunga ndoana, alipata maradhi miaka miwili iliyopita, na mkono wake wa kulia ukalegea. Tangu hapo alikuwa akija pwani na kuketi kwenye kiti, akitazama. Hakulalamika hata siku moja, na kutolalamika kwake kulitutia huzuni zaidi. Tulimjaribishia rili ya duara ya babu. Vidole vyake vya kulia havikuweza kuizunguka, na ufito ukapinduka. Ndipo binti yake alipoleta rili bapa yenye mkono upande wa kushoto. Ami aliubana ufito chini ya kwapa la kulia, akakilaza kiganja chake cha kulia juu ya ile rili, na kiganja kikatosha bila ya kuhitaji kukaza vidole. Kuzungusha akazungusha kwa kushoto. Kutupa pia hutupa kwa kushoto, kisha huhamisha. Mara ya kwanza mshipi ulijifunga kama kiota cha ndege. Mara ya tano ulikwenda. Jioni ile alipata shaour mmoja wa kadiri ya sahani, na hakumruhusu mtu yeyote kumparia magamba.

Aliniambia, "Hii inafanana na mshipi wa mkono kuliko ninyi mnavyodhani. Samaki namsikia hapa," akaliinua dole gumba. Nami nimelifikiri neno hilo sana. Wazee wetu wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa walivua kwa mshipi wa mkono, uliopita juu ya kidole cha shahada, na samaki alisomwa kwa ngozi kabla ya kuonekana. Katika vyombo vyote vya kisasa, rili hizi za kuzunguka ndizo zilizobakisha kidole juu ya mshipi. Hilo ni kweli kwa ya duara na kwa bapa sawasawa.

Tahadhari moja inatoka hapo: katika rili hizi mkono wa kuzungushia hauhamishwi. Ukinunua wa kulia ni wa kulia milele. Kwa hivyo ni lazima tuamue kabla ya kulipa.

Rai yangu basi ni hii. Katika rili sita, nne ziwe bapa za kadiri, zenye mwili wa chuma, wala zisiwe za plastiki. Mbili kati ya hizo ziwe za mkono wa kushoto. Hizo zitawafaa watoto, wanawake wenye viganja vidogo, wazee, na safari za Ghuba. Mbili zilizobaki ziwe za duara, zikae Jeddah kwa ajili ya mwamba na nguru. Viwanda vimetoa pia, tangu miaka ya 2010, rili bapa kubwa za baharini, kama vile Tranx ya Shimano, ambazo hubeba mshipi mwingi na zina nguvu. Ni nzuri, lakini kwa bei ya moja tutapata mbili, na mchango wetu una mpaka.

Wale wenye rili bapa wasikate tamaa juu ya nafasi ya mshipi. Mshipi wa kusuka, ulioenea tangu miaka ya 1990, una nguvu kubwa kwa wembamba wake: wa ratili 30 una unene wa nailoni ya ratili 8 hivi. Tia chini nailoni kidogo ili mshipi usiteleze juu ya spuli, kisha jaza wa kusuka. Breki ya samaki ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, iachie kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Na msiuzuie mshipi wa kusuka kwa kidole kitupu samaki anapokimbia, kwani hukata kama wembe.

Vijana wa Riyadh wasingoje bahari ili wajifunze. Siku za mapumziko tunapokutana istiraha, wekeni sinia kwenye nyasi umbali wa meta 20, mfunge chubwi bila ya ndoana, na kila mtoto atupe mara hamsini. Siri ni moja: dole gumba liiguse spuli kabla chubwi halijagusa ardhi. Anayeshindwa hukaa kufungua mafundo yake mwenyewe, wala asisaidiwe. Na wanaokodi mashua Jeddah wahakikishe nahodha ana ruhusa ya Haras al-Hudud, majina yote yameandikwa, na majaketi ya kuelea yanatosha idadi ya watoto, si idadi ya viti.

Mchango utapokelewa na wale wale waliopokea mwaka jana, Jeddah na Riyadh. Kila nyumba inayotaka mkono wa kushoto itoe jina mapema. La ami limekwisha kuandikwa la kwanza.

Wassalaam.